Helikopta ikianguka tutafute sababu, tusitafute mchawi

KILA mara helikopta inapoanguka hapa nchini, Wakenya hugawanyika makundi mawili hata kabla moshi haujatulia. Kundi la kwanza husema: "Wamemmaliza." Kundi la pili hushusha pumzi na kusema: "Ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imetimia."

Makundi haya huonekana kana kwamba yanapingana, lakini kwa hakika ni ndugu wa toka nitoke. La kwanza limekwisha kumpata mchawi, kwa hivyo halina haja ya uchunguzi. La pili limekwisha kumwachia Mungu, nalo pia halina haja ya uchunguzi. Baada ya mazishi, yote mawili hurejea nyumbani, na helikopta nyingine hupaa kesho yake ikiwa na hatari ile ile iliyoangusha ya jana.

Msomaji atakumbuka Jumapili ile ya Juni 10, 2012. Helikopta ya polisi iliondoka Uwanja wa Ndege wa Wilson ikielekea Ndhiwa, na dakika chache baadaye ikaanguka katika msitu wa Ngong. Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, msaidizi wake, Bw Orwa Ojodeh, na watu wengine wanne wakaangamia. Tume ya uchunguzi ikaundwa, ikiongozwa na Jaji Kalpana Rawal. Lakini mitaani, katika matatu na katika vilabu vya pombe, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla tume haijaketi hata siku moja.

Miaka 12 baadaye, Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi tu baada ya kupaa. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine tisa walifariki. Wawili walinusurika. Mara hii pia, uvumi ulifika kwenye kila kijiji kabla ya maiti kufika Nairobi.

Sikusudii kuhukumu mikasa hiyo miwili katika safu hii. Wala siwakejeli wanaoshuku. Ninalotaka kusema ni kwamba kuna swali moja ambalo sisi hatuliulizi kamwe, ilhali ndilo swali la kwanza kwa kila mchunguzi anayeijua kazi yake. Nalo ni hili: Je, helikopta ilikuwa juu kiasi gani mambo yalipoanza kuharibika?

Huenda swali hili likaonekana dogo. Mtu wa kawaida hudhani kwamba kadiri chombo kinavyoruka karibu na ardhi ndivyo kilivyo salama, kwa sababu anayeanguka kutoka kwenye kiti huumia kidogo kuliko anayeanguka kutoka juu ya mnazi. Katika urubani mambo ni kinyume kabisa. Kimo ni akiba. Rubani aliye futi 3,000 juu ya ardhi ana akiba ya muda, na muda huo humwezesha kugundua kosa, kufikiri, kujaribu dawa ya kwanza, na isipofaa, kujaribu ya pili. Rubani aliye futi 200 ni kama mtu asiye na hata senti mfukoni siku ambayo mtoto ameugua ghafla usiku.

Tuchukue mfano wa injini kuzimika. Wengi huamini kwamba injini ya helikopta ikizima, chombo hicho huanguka kama jiwe. Si kweli. Rubani akiteremsha upesi ule wenzo ulio mkono wake wa kushoto, mapanga ya rafadha kuu hulala, na upepo unaotoka chini huyazungusha, kama vile upepo unavyozungusha kidude cha karatasi ambacho watoto hukimbia nacho. Helikopta hushuka kwa kasi, lakini hushuka ikiongozwa. Ikikaribia ardhi, rubani huinua pua yake ili kupunguza mwendo, kisha huitumia nguvu iliyobaki katika mapanga yanayozunguka kuitua polepole. Marubani hufunzwa jambo hili tangu siku zao za mwanzo, na wengi wameokoa maisha kwa namna hiyo.

Lakini dawa hiyo ina masharti mawili. Lazima kuwe na kimo au kuwe na kasi, na heri viwepo vyote viwili. Helikopta ya injini moja iliyoganda hewani futi mia mbili tatu kutoka ardhini, bila mwendo wa kwenda mbele, haina hiki wala kile. Injini ikizima hapo, ardhi hufika kabla ya mapanga kupata upepo. Ndiyo sababu kitabu cha mwongozo cha helikopta kama hizo huwa na mchoro unaoonyesha ni kimo gani kikiunganishwa na kasi gani humwacha rubani bila wokovu. Rubani mwenye busara hupita katika eneo hilo la mchoro kwa haraka kama mtu anayevuka barabara kuu. Hakai humo akiwapungia watu mkono.

Kuna mkasa mmoja uliotokea mbali na hapa ambao unatufunza somo hili vizuri zaidi, kwa sababu ulichunguzwa hadi kwenye nati ya mwisho. Nao ni ule wa Leicester, Uingereza.

Usiku wa Oktoba 27, 2018, baada ya timu ya Leicester City kutoka sare na West Ham, mwenye klabu hiyo, tajiri kutoka Thailand kwa jina Vichai Srivaddhanaprabha, alipanda helikopta yake katikati ya uwanja wa kandanda, kama alivyozoea. Walikuwa watu watano. Chombo chenyewe, cha aina ya AW169, kilikuwa cha kisasa chenye injini mbili, na rubani alikuwa na tajriba ya miaka mingi. Helikopta ilipaa wima ikivuka paa la uwanja. Ilipoanza kugeuka ili iende mbele, pedali za rubani zikaacha kuitikiwa. Chombo kikaanza kuzunguka kama pia. Kilikuwa hakijafika hata futi 450. Kikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto, na hakuna aliyetoka.

Huko pia watu walikuwa na dhana zao. Lakini wachunguzi wa serikali ya Uingereza hawakushughulika na dhana. Walikusanya vyuma vilivyoungua, wakavifungua kimoja kimoja, na mwezi Septemba 2023 wakatoa ripoti yao ya mwisho mbele ya ulimwengu mzima. Kisa kilianzia kwenye beringi iliyo katika rafadha ya mkiani, ile rafadha ndogo inayozuia helikopta isizunguke. Mzigo ulioibebesha beringi hiyo ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, grisi yake ikaharibika, ikakwama, na kukwama huko kukakatiza mawasiliano kati ya pedali za rubani na mapanga ya mkiani. Wachunguzi walisema wazi kwamba baada ya hapo hakuna rubani yeyote ambaye angeweza kukirejesha chombo hicho katika utiifu.

Wakaenda mbali zaidi. Waligundua kwamba matokeo ya majaribio ya angani yaliyofanywa na waundaji wa helikopta hayakuwa yamepelekwa kwa waundaji wa beringi ili wahakikishe kama hesabu zao za mwanzo zilikuwa sahihi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kanuni iliyowalazimisha. Walisema pia kwamba wanne kati ya wale watano hawakufa kwa kishindo cha kuanguka, bali walishindwa kutoka kabla ya moto na moshi kuwamaliza.

Tazama basi, msomaji, tofauti iliyopo. Aliyekufa alikuwa bilionea mwenye maadui na marafiki kama tajiri mwingine yeyote. Lau ingalikuwa hapa kwetu, tungalikuwa bado tunabishana ni nani aliyemtega. Wao walitafuta sababu wakaipata kwenye kipande cha chuma kinachotosha kiganjani, na kwa kukipata wakaweza kuzionya helikopta nyingine za aina hiyo kabla nazo hazijaanguka. Hiyo ndiyo faida ya kutafuta sababu badala ya mchawi. Mchawi akipatikana hufungwa mmoja. Sababu ikipatikana huokolewa mamia.

Lakini si kila mara chuma ndicho chenye kosa. Mara nyingi kosa huwa la hali ya hewa, na la binadamu anayeidharau.

Januari 26, 2020, mchezaji mashuhuri wa mpira wa vikapu wa Marekani, Kobe Bryant, binti yake na watu wengine saba walikufa helikopta ilipogonga kilima huko Calabasas, California. Chombo kilikuwa kizima. Rubani alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya saa 8,000. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, na kampuni ya rubani ilikuwa na kibali cha kuruka kwa kutazama kwa macho tu, yaani haikuruhusiwa kuingia mawinguni. Rubani alifuata njia akiwa chini chini kando ya vilima, ukungu ukazidi, akajaribu kupanda ili atokee juu ya mawingu. Alimwambia mwongozaji wa ndege kwamba anapanda. Wakati huo huo chombo kilikuwa kikipinda kushoto na kuteremka.

Hakuwa akisema uongo. Mwili wake ndio uliomdanganya. Mtu hujua juu na chini kwa macho yake na kwa kimiminika kilicho ndani ya sikio. Macho yakifunikwa na wingu, sikio peke yake halitoshi. Huweza kumwambia rubani kwamba yuko sawasawa, kumbe amelalia upande. Saa zake na mishale iliyo mbele yake husema ukweli, lakini inahitaji mazoezi makali ya mara kwa mara kuiamini mishale na kuukana mwili wako mwenyewe. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilitoa uamuzi wake Februari 2021: rubani aliendelea na safari ndani ya mawingu, akapotewa na mwelekeo. Ikaongeza kwamba huenda alijisukuma mwenyewe kwa kutotaka kumvunja moyo mteja wake.

Sasa turudi nyumbani. Nani asiyeujua ukungu wa Ngong na Limuru mwezi wa Juni na Julai? Nani hajaona mawingu yakiikalia Kinangop mchana kutwa kama kuku anayeatamia? Hii ni nchi ambayo kutoka Wilson, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,500, rubani hana budi kuvuka kingo za Bonde la Ufa akielekea magharibi. Wingu likishuka na mlima ukapanda, nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba kama ufa wa mlango. Mnamo Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya, na wanajeshi saba wakafa. Ya nne katika msafara huo ilitua Garissa salama. Mlima ulikuwa pale pale tangu ulimwengu kuumbwa.

Kuna pia wembamba wa hewa. Hewa ya Eldoret, futi zipatazo 7,000, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya tano, na jua la mchana huifanya kuwa nyepesi zaidi. Mapanga ya helikopta hushika hewa kama kasia linavyoshika maji, na hewa ikiwa nyepesi kasia hukosa cha kushika. Helikopta inayobeba watu sita kwa urahisi kule Diani huenda isiwabebe watu hao hao, na mizigo yao, kutoka kwenye uwanja wa shule ulio bondeni huko Marakwet saa saba za mchana. Rubani hulijua jambo hili kwa hesabu. Mheshimiwa aliyealika rafiki wa ziada baada ya chakula halijui, wala hataki kuambiwa.

Halafu kuna hatari inayotokana na helikopta yenyewe. Ikiteremka wima kwa haraka bila mwendo wa kwenda mbele, huanza kuzama ndani ya upepo wake mwenyewe uliochafuka. Rubani akiongeza nguvu ili apande, hilo peke yake laweza kuzidisha machafuko, na chombo kikaendelea kuzama. Dawa ni kusukuma pua mbele na kutoka kwenye upepo huo. Dawa hii nayo inataka akiba ya kimo. Aliye futi 1,500 atatoka. Aliye juu ya paa za mabati na umati wa watu hana pa kutokea.

Na nyaya za umeme je? Huu ni mtego ambao hauonekani kutoka angani hadi umechelewa. Rubani huona nguzo, lakini waya mwembamba ulio mbele ya kijani cha mahindi au kahawia ya kilima hupotea machoni. Hatujasahau Januari 2003, siku chache baada ya serikali mpya ya Narc kuingia madarakani, ndege iliyowabeba mawaziri ilipogonga nyaya za umeme ikiondoka Busia. Waziri wa Leba, Bw Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki. Ile ilikuwa ndege ya kawaida, si helikopta, lakini waya hauulizi aina ya chombo. Tangu siku hiyo nguzo zimesambazwa hadi vijijini kabisa, jambo jema kwa mwananchi, lakini ni nyaya ngapi zilizo kando ya viwanja vya shule ambazo zimewekwa alama za rangi ili rubani azione?

Haya yote ni maelezo ya kitaalamu ambayo marubani wetu huyajua kuliko mimi. Hapana shaka kwamba Kenya ina marubani hodari. Swali ni kama tunawaacha wafanye kazi yao.

Helikopta nchini mwetu imeacha kuwa chombo cha usafiri tu. Imekuwa kiti cha enzi. Katika kampeni za 2013, 2017 na 2022 tuliziona zikitua katika viwanja vya mikutano moja baada ya nyingine, na mgombea aliyefika kwa gari alionekana kama maskini aliyepotea njia. Siku hizi hata mazishini mwanasiasa haridhiki kufika. Lazima kwanza azunguke juu ya umati mara mbili tatu, chini chini, ili kila mtu ajue ni nani aliyewasili.

Niliwahi kuhudhuria mazishi katika eneo la magharibi ambako helikopta mbili zilitua mfululizo katika uwanja wa shule ya msingi. Ya pili ilipita juu ya nyumba ya wafiwa kwa kimo kidogo mno hata hema walimoketi akina mama likang'oka, vumbi likafunika jeneza, na bati moja likapeperuka kutoka jikoni. Watoto walikuwa wakiikimbilia kutoka kila upande, wengine wakiuelekea mkia, ambako rafadha inayozunguka haionekani kwa jicho. Askari mmoja alikuwa na fimbo, akawa anawafukuza kama mtu anayefukuza kunguru shambani. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Msemaji wa kwanza alipopewa kipaza sauti aliwashukuru waheshimiwa kwa "kutupamba." Mimi nilijiuliza tungalisema nini lau ile ya pili ingalizimika injini pale juu ya hema.

Ni nani aliyemwambia rubani azunguke chini vile? Bila shaka si kitabu chake cha mwongozo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika helikopta nyingi zinazokodishwa na wakubwa wetu kuna manahodha wawili: mmoja mwenye leseni, na mmoja mwenye pesa. Mwenye leseni akisema jua linatua, mwenye pesa husema bado kuna mkutano mmoja. Mwenye leseni akisema kuna ukungu, mwenye pesa husema jana tulipita. Rubani akikataa, kesho hukodishwa mwingine asiyekataa. Kwa hali hii, hata beringi ikiwa nzima na injini ikiwa mpya, chombo kimekwisha kuanza kuanguka kikiwa bado chini.

Najua nitajibiwa kwamba kuna kazi ambazo haziwezi kufanywa ila kwa kuruka chini. Naam, zipo. Askari wa wanyamapori hawawezi kuhesabu ndovu wala kuwafuata majangili wakiwa futi 5,000. Nzige walipoivamia kaskazini mwa nchi mwaka wa 2020, dawa haikuweza kunyunyizwa kutoka mbinguni. Anayemwokoa mtu aliyezingirwa na mafuriko ya Mto Tana hana budi kumshukia. Kazi hizo zina hatari zake, na wanaozifanya wanastahili heshima yetu. Mnamo Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa katika pori la Maswa, Tanzania, helikopta yake ilipopigwa risasi na majangili kutoka chini akiwa katika kazi ya kuwalinda ndovu.

Lakini tazama jinsi watu wa kazi hizo wanavyojiandaa. Huruka wakiwa na mafunzo maalumu, huichunguza njia kwanza, hupunguza mzigo, wala hawabebi jamaa na marafiki. Wanaikaribia hatari kwa sababu kazi inawalazimu. Mwanasiasa anayezunguka juu ya umati analazimishwa na nini?

Nitajibiwa pia kwamba Wakenya wana haki ya kushuku hujuma, kwa kuwa historia yetu ina vifo vingi vya watu mashuhuri ambavyo havikuelezwa. Hoja hii ni nzito, na siwezi kuipuuza. Nchi ambayo J.M. Kariuki aliuawa mwaka wa 1975 na Dkt Robert Ouko mwaka wa 1990, na wauaji hadi leo hawajahukumiwa, haiwezi kuwashangaa raia wake wakiona mkono wa mtu katika kila moshi. Uvumi ni mtoto wa ukimya. Serikali inayonyamaza isilalamike kwamba wananchi wanasema ovyo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ndiyo maana dawa ya uvumi haiwezi kuwa kuwakemea wananchi. Dawa ni ripoti. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, na kanuni zake kuhusu uchunguzi wa ajali, zinazopatikana katika Kiambatisho cha 13, ziko wazi. Ripoti ya awali yapasa kutolewa katika muda wa siku 30. Ripoti ya mwisho yapasa kutolewa hadharani, ikiwezekana katika muda wa miezi 12, na isipokuwa tayari, taarifa ya maendeleo itolewe kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Tena kanuni hizo zinasema kwamba lengo la pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Mwenye hatia atashughulikiwa na mahakama kwa njia yake. Kanuni hizi hazizigusi helikopta za jeshi na za polisi, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu wakubwa wetu wengi husafiri kwa hizo hizo.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Kwanza, Bunge lipitishe sheria kwamba ajali yoyote ya chombo cha serikali kilichobeba watu, kiwe cha polisi au cha jeshi, ichunguzwe na wataalamu walio huru na wenye chombo hicho, na ripoti ichapishwe kwa muda uliowekwa. Siri za kivita zinaweza kufutwa kwa wino mweusi. Beringi iliyokwama si siri ya kivita.

Pili, anayetaka kutua katika uwanja wa shule au kanisa alazimike kuwa na mtu aliyetumwa mbele kuchunguza nyaya, miti na upepo, na kuwa na watu wa kutosha wa kuwazuia watoto. Mwalimu mkuu awe na haki ya kukataa. Uwanja wa shule ni wa wanafunzi.

Tatu, kampuni inayosimamia umeme iziwekee alama nyaya zilizo karibu na viwanja ambavyo kila mtu anajua vinatumiwa na helikopta. Mabango na mipira ya rangi ni bei nafuu kuliko sanda.

Nne, na hili ndilo kubwa, rubani anayekataa kuruka alindwe. Mamlaka ya usafiri wa ndege iwe na mahali ambapo rubani anaweza kueleza kwa siri kwamba alishurutishwa, na mwenye kumshurutisha aadhibiwe, hata akiwa mheshimiwa. Rubani anayesema "leo hatuendi" anafaa kupewa nishani kama wengine wanaopewa kila Desemba.

Hatua hizi hazitaondoa kila ajali. Beringi zitaendelea kukwama na mawingu yataendelea kushuka. Lakini zitahakikisha kwamba kosa dogo likitokea, rubani ana akiba ya kulirekebisha, na kwamba likimshinda, wanaobaki watajua lilikuwa kosa gani.

Ni kweli ajali haina kinga. Hata hivyo wahenga hao hao waliotuachia methali hiyo walitwambia pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wajane na mayatima wa Ngong, wa Sindar, na wa Ziwa Nakuru, ambako helikopta yenye watu watano ilitumbukia Oktoba 21, 2017 bila hata mmoja kupona, hawana faida na uvumi wetu wala na rambirambi zetu za kila mwaka. Wanachostahili ni kuelezwa, kwa lugha nyepesi na kwa maandishi, ni kitu gani kilichovunjika na ni nani aliyepaswa kukiona kabla hakijavunjika. Serikali inayoweza kumpa waziri helikopta haiwezi kushindwa kumpa mjane karatasi.